Siku moja na bastola za vita: kipuri hiki ni chake au kimepachikwa?

Watu wakisikia nashinda na bastola wanadhani nauza silaha. Siuzi. Mi nakagua bastola za kijeshi za zamani zinazotunzwa na wakusanyaji, naangalia kipi kilitoka nayo kiwandani na kipi kimepachikwa baadae, halafu naandika ripoti na kuweka sahihi yangu.

Saa mbili asubuhi nawasha taa, nafuta kioo cha kukuzia, navaa glavu. Kila bastola ikifika mezani natoa magazini, navuta sehemu ya juu nyuma, nakagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole, hata kama mwenyewe anaapa haina kitu. Hilo halina mjadala.

Mpaka saa nne nimemaliza Walther P38 mbili, bastola za jeshi la Ujerumani za Vita vya Pili. Ya kwanza ina herufi za siri za kiwanda, ac, yaani Walther wenyewe, namba ya slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma), fremu na mtutu ni moja, safi. Ya pili cyq, yaani kiwanda cha Spreewerk, imechovywa rangi nzito nyeusi na kugongwa alama ya X, yaani ilitekwa na Wasovieti ikapita kwenye karakana zao, mtutu una namba nyingine. Hiyo nayo ni historia yake, naandika hivo hivo.

Saa nne na nusu akaingia mzee mmoja na Luger P08 ya kiwanda cha DWM cha Ujerumani, juu ya chemba imeandikwa mwaka, 1917, inang'aa utadhani imetoka kiwandani jana. "Mwanangu, namba zote moja hii, we andika orijino tu, mteja ananisubiri." Nikamwambia mzee wangu kaa kwanza.

Sasa Luger za jeshi la Ujerumani namba kamili iko kwenye fremu na mtutu, na vipuri vidogo vinagongwa tarakimu mbili za mwisho. Kweli zote zilisoma 47. Ila nikalaza taa ubavuni, mwanga ukapita juu ya bamba la pembeni, nikaona kibonde chembamba pale kwenye namba, mtu alisaga namba ya zamani akagonga mpya. Ile 4 haifanani na 4 ya kwenye mtutu. Halafu rangi yenyewe. Enzi hizo weusi ule ulipatikana kwa kutu inayolishwa na kusuguliwa taratibu, kwa hiyo mdomo wa mtutu na ndani ya fremu vilibaki chuma cheupe, hii nyeusi mpaka ndani. Triga na kile kiwenzo cha kuifungulia bastola vilitakiwa viwe na rangi ya majani makavu itokanayo na joto, hapa vyeusi tii.

Nikamwonyesha kimoja kimoja. Akasema kioo changu kibovu. Akaniuliza nimeanza lini kazi hii, akampigia simu aliyemuuzia akaweka spika, yule naye akaanza kunifokea wakati hata hajui naongelea bamba gani, mzee akarudi akaomba niandike "huenda ni orijino", nikakataa, akaomba nisiandike kabisa habari ya bamba, nikakataa, akasimama, akakaa, akasimama tena. Mi namheshimu, ni mtu mzima na hela yake imeshaenda, inaniuma kweli. Lakini kuna mtu atanunua ile bastola kwa kuamini sahihi yangu, na huyo hayupo hapa kujitetea. Luger iliyochakaa ambayo haijaguswa ina thamani kuliko hii iliyorembwa, na hakuna anayependa kusikia hilo.

Akaondoka mchana umeshapita, hata saa sikuangalia tena.

Jioni jioni nikashika M1911A1, bastola ya jeshi la Marekani, hii ya kiwanda cha Remington Rand, na hizi ndo zinachosha kabisa maana vipuri vyake havina namba ya bastola, unahukumu kwa kiwanda na kipindi: muhuri wa mkaguzi FJA upo, mtutu una HS ya High Standard, kiwanda kilichowatengenezea mitutu, rangi ya kijivu ya fosfeti sawa, kila kitu kinaendana. Halafu kwenye fremu nikakuta RIA, muhuri wa Rock Island, karakana ya jeshi la Marekani. Hapo nikashtuka. Karakana za jeshi la Marekani zilipokarabati bastola hizi zilichanganya vipuri bila kujali kiwanda, slaidi ya Colt juu ya fremu ya Remington Rand ni kitu cha kawaida, sasa hii imekarabatiwa halafu kila kipuri kinakubaliana? Mtu amekaa akatafuta vipuri sahihi akavirudisha ili ionekane haijawahi kuguswa. Vipuri ni halisi, mkusanyiko ndo wa juzi. Hiyo lazima niieleze vizuri mwenye nayo asidhani namwita tapeli.

Wakati nafunika meza mzee wa Luger katuma ujumbe, anauliza akipata bamba lingine nitaandika upya? Nimemjibu alete tu, nitaikagua toka mwanzo.