Nusu Duara ya Chaki Chini ya Ringi

Katika kuchezesha mpira wa kikapu hapa Mwanza, sijakutana na uamuzi unaozua kelele kama ule wa mshambuliaji na mlinzi kugongana kifua kwa kifua karibu na ringi. Benchi moja hudai mlinzi amezuia isivyo halali, la pili hudai ameparamiwa.

Ninaamini kwa dhati kwamba hapo macho ya mwamuzi yanapaswa kuwa kwa mlinzi, si kwenye mpira. Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinamtaka mlinzi amwelekee mpinzani wake, miguu yote miwili ikiwa imekanyaga sakafu. Akishapata nafasi hiyo, anaruhusiwa kurudi nyuma au kusogea kando ili kuitunza, na hata kuruka wima, hivyo dai la watazamaji kwamba ni lazima asimame tuli kama mlingoti halina msingi. Linaloamua ni wakati: je, alikuwa amekwisha kufika pale kabla mshambuliaji hajaruka? Akiingia mshambuliaji akiwa tayari hewani, kosa ni la mlinzi.

Jioni moja niliufuata mpira kwa macho, nikapiga ngumi kwenye kiganja kuonyesha faulo ya mshambuliaji, kumbe mlinzi alikuwa chini kabisa ya ringi, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 2010 FIBA imelitenga kwa nusu duara yenye nusu kipenyo cha meta 1.25. Mlinzi anayeigusa nusu duara hiyo hawezi kumpatia faulo mshambuliaji aliyeruka na mpira kufunga au kutoa pasi, isipokuwa mshambuliaji huyo ametumia mikono, miguu au mwili isivyo halali. Uwanja wetu wa saruji haukuwa na mstari huo. Kijana niliyemnyima kikapu chake alinitazama bila kusema neno, nami sikulala vizuri usiku ule.

Kabla ya mechi iliyofuata niliazima timazi kwa fundi mwashi, tukaishusha kutoka katikati ya ringi, tukaweka alama pale ilipogusa saruji, kisha tukazungusha kamba na kuchora kwa chaki. Katika robo ya tatu, jua likizama upande wa ziwa, wawili waligongana palepale na mlinzi akaanguka chali. Sikupiga filimbi, kikapu kikahesabiwa. Kocha wake alinijia juu, nikamwonyesha kisigino cha kiatu cha mchezaji wake: kilikuwa cheupe kwa chaki.