Mita nne za Z.

Nimefua, nimepika, nimejibu ujumbe wote wa kazini, na bado ile simu ya Ma'mdogo inajirudia kichwani.

"Niko Kariakoo kwenye kitambaa." Hakusalimia hata, mnamjua akiwa na harusi mkononi. "Wewe vipimo vyako fundi anavyo. Huyo mwenzio je? Yule mrefu, mita tatu hazimtoshi."

Nikanyamaza. Huyo mrefu ni Z., mpenzi wangu ninayeishi naye.

"Wewe! Tatu na nusu au nne? Muuzaji kashika mkasi ananiangalia."

"Nne, Ma'mdogo."

"Haya. Na mchango wake anitumie mwenyewe, asipitishie kwako. Sare si ya bure."

Akakata simu.

Huyu ndiye Ma'mdogo aliyenipeleka kuombewa niache kupenda wanawake wenzangu, wa zamani humu mnaikumbuka ile habari na mafuta yake. Hatujawahi kuizungumza tena. Hajawahi kuniuliza Z. ni nani kwangu, wala mimi sijawahi kumwambia. Sasa anataka mchango wake! Nadhani kilichonishika zaidi ni huo mchango. Mgeni anaalikwa tu, anakula, anaondoka. Anayedaiwa mchango na kukimbizwa kwa fundi ni mtu wa nyumbani, na Ma'mdogo hadai watu baki, anaona aibu.

"Yule mrefu, mita tatu hazimtoshi." Maana yake alishamtazama. Alishakaa akampima kwa macho, labda siku ile ya ubarikio, na mimi sikuona kitu kwa sababu nilikuwa na kazi yangu ya kawaida ya kwenye shughuli za ukoo: nikiulizwa naishi na nani nijibu nini, tukae meza moja au mbalimbali, simu niilaze kifudifudi picha zisionekane. Kuna mtafiti wa Marekani, Ilan Meyer, aliyeandika mwaka 2003 juu ya msongo huu wa ziada. Anasema mtu haumizwi na kubaguliwa peke yake; kuna kule kukaa ukitegemea kubaguliwa muda wote, kuna kujificha, na vyote vinakula afya ya akili polepole. Anasema pia kwamba ukiwa na watu wako, mzigo unapungua. Nilipoisoma nilicheka peke yangu ndani ya mwendokasi. Ni mimi mtupu nikiwa harusini.

Harusi yenyewe imepita salama Jumamosi, bibi harusi kalia, umeme ukakatika kwenye keki, na kazini wameniongezea mkataba, asanteni kwa dua. Ila mlangoni mwa ukumbi Ma'mdogo alimsimamisha Z., akaona uzi umening'inia kwenye mkono wa gauni, akainama akaukata kwa meno. "Fundi huyu mwizi," akasema. Kisha akamsukuma begani: "Kapokee wageni huko, usisimame kama picha." Na Z. akaenda, na damu ya mzee yake ya mita nne, akawa anawapa watu shikamoo mpaka miguu ikavimba. Usiku ule nililala bila kukokotoa chochote.

Jana nikamsimulia rafiki yetu K., naye ni kama sisi. Alikuja kula kama kawaida yake ya Jumapili, nami nikaieleza simu nzima, na sauti ya Ma'mdogo nikaiigiza. Z. akacheka upya. K. akasema, "Hongereni," akaomba chumvi.

K. kwao walimkataa. Baba yake alizikwa, yeye akaambiwa baada ya arobaini. Kaambiwa na jirani, tena kwa bahati, walikutana stendi. Alipozidiwa na kukosa usingizi alitafuta mshauri, akamlipa kwa pesa yake, na mshauri akamwambia huo ni ugonjwa, afunge na kuomba. Mapenzi ya jinsia moja, Shirika la Afya Duniani liliyatoa kwenye orodha ya magonjwa tangu Mei 17, 1990. Huyo mshauri ukimtazama mwaka huo alikuwa bado kwenye mbeleko.

Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya vijana wa huko Marekani walio kama sisi: waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kusema wamewahi kujaribu kujiua, ukiwalinganisha na ambao nyumbani hawakukataliwa, au walikataliwa kidogo tu. Namba hiyo naijua zamani. Jana ilikuwa imekaa mezani kwetu inaomba chumvi.

Kuna wanaotuambia sherehe ni anasa, tungoje sheria ibadilike kwanza. Sheria naijua, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha miaka 30 mpaka maisha, na tunaokumbuka msako dhidi yetu uliotangazwa mkoani hapa Dar es Salaam mwaka 2018 hatuhitaji kukumbushwa. Lakini nakumbuka pia bethidei ya K. ghorofani kwa rafiki, mapazia yamefungwa, muziki chini kabisa, tukimwimbia kwa kunong'ona, na keki tumeiandika jina lake zima kama analoitwa na mama yake. Kesho yake alisema kalala mpaka jua likamkuta. Kidonge alichoandikiwa hakijawahi kumfanyia hivyo.

K. anapenda kusimulia maandamano ya watu kama sisi ya Johannesburg ya Oktoba 1990, ya kwanza ya namna yake Afrika, ambapo wanaharakati Simon Nkoli na Beverley Ditsie walisimama hadharani na kuna wengine waliotembea wamejifunika mifuko ya karatasi kichwani. Watu huwasifu akina Nkoli, na ni haki yao. K. huwataja hao wa mifuko. "Na bado walikuja," huwa anasema. Jana hakusimulia. Alikula, akaosha sahani yake, akaondoka kabla ya chai.

Nimemwandikia asubuhi, kaona, hajajibu. Z. kasema nisimsumbue, jioni atampitia.

Halafu ukuta wa uani umeanza kuinama upande wa Baba Shufaa, na yeye kaweka banda la kuku hapo hapo chini. Vuli ndiyo hii. Nikimwambia mwenye nyumba atatengeneza, halafu atapandisha kodi. Nikiita fundi mwenyewe, hela yenyewe imeishia kwenye mchango wa harusi.