Kadi za Tudor

Hukumu ilisomwa Alhamisi, tarehe 22 Machi 2018, hapa hapa Mombasa. Baada ya magharibi tulikuwa tumejifungia katika chumba cha kukodi Tudor, watu kumi na mmoja na feni moja, tukiteta.

Mahakama ya Rufani ilikuwa imesema kwamba kumpeleka mshukiwa hospitali akachunguzwe njia ya haja kubwa kwa lazima, ili upatikane ushahidi wa ushoga, ni kuvunja Katiba. Kesi ililetwa na wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015. Mahakama Kuu ya Mombasa iliwakatalia mwaka 2016, ikisema waliridhia wenyewe. Mtu aliye mikononi mwa polisi anaridhia nini? Nikikumbuka neno lile hasira hunipanda hadi leo.

Mjomba, mkubwa wetu kwa umri, alitaka tushukuru Mungu. Dada mmoja wa Majengo hakukubali.

"Mwatuita sherehe na kifungu cha 162 kiko pale pale? Miaka kumi na minne jela, mjomba!"

"Haba na haba, mwanangu."

"Kibaba chenyewe kina tundu. Hakijai."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kesi ya kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuwashtaki mashoga, ilikuwa ingali mbele ya Mahakama Kuu Nairobi, na yeye aliona tukipokea makombo kwa vigelegele tutaonekana tumeshiba. Mjomba alijibu kwa yale aliyoyaona kortini: katika kesi alizozisindikiza, karatasi ya daktari ndiyo iliyokuwa nguzo. Iondoe, na mwendesha mashtaka abaki na uvumi wa majirani.

Mimi nilikuwa upande wa mjomba, na bado niko. Lakini dada alisema jambo moja lililotunyamazisha sote: hukumu haina miguu, haitafika yenyewe kaunta ya kituo cha polisi.

Basi tukaandika kadi. Karatasi ya A4 tuliikata vipande vinane, maandishi kwa Kiswahili. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuzungumza na wakili. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Na saa hizo zikiisha korti imefungwa, ni siku inayofuata ya korti. Ndiyo maana tuliogopa kukamatwa Ijumaa jioni, kwani waweza kulala ndani mpaka Jumatatu. Mstari wa mwisho ulisema: "Usikubali kuchunguzwa na daktari."

Mstari huo ulituponza. Baada ya wiki chache kijana wetu alipigwa Mtwapa, akafika hospitali, akakataa kuguswa kwa sababu kadi ilimwambia hivyo. Fomu ya P3, ile ya polisi ya ushahidi wa majeraha, daktari huijaza kwa anachokiona mwilini. Alipofikiwa na mmoja wetu, uvimbe ulikuwa umeshuka na alama zimefifia, na kesi ya waliompiga haikupata pa kushika.

Tulikaa tena, na dada ndiye aliyeshika kalamu. Akaandika: umekamatwa, wataka kukupima ili wakushtaki, sema sikubali, mwite wakili. Umepigwa au umebakwa, kubali kupimwa, tena upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa huanzwa kabla ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Chini aliongeza agizo lake: soma, kariri, choma. Kadi ikikutwa mfukoni wakati wa upekuzi, yenyewe hugeuka kuwa maswali. Nambari ya wakili tulifundishana kwa kuiimba, mara ishirini, hadi ikae kichwani.

Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu. Dada alinipigia simu akilia. Akaniuliza kama ile nakala ya kadi ningali nayo, achape nyingine.