Nilivyoamua lini nianze utafiti nikisomea udaktari

Mwaka wa pili ulipoisha, mwalimu mmoja wa maabara aliniita akaniambia ana nafasi kwenye mradi wake. Niahirishe masomo ya udaktari, niingie kwenye utafiti, nikimaliza ndipo nirudi wodini. Ndivyo wanavyofanya wengi Marekani: miaka miwili ya darasani, mitatu hadi mitano ya uzamivu, kisha wanarudi kumalizia udaktari. Jumla ni kama miaka minane. Nilifurahi mno, nikakaa usiku kupiga hesabu kwenye daftari hadi umeme ukakatika.

Hesabu ndiyo iliyonikwamisha. Hapa kwetu Tanzania udaktari ni miaka mitano, na mmoja wa mazoezi kwa vitendo juu yake. Nilikuwa nasoma kwa mkopo wa Bodi, na Marangu mama alikuwa anauza ndizi ili wadogo zangu wawili wakae shule. Nilipompigia simu aliniuliza, "Sasa mwanangu, unasimama masomo uende ukatafute nini?" Sikuwa na jibu. Utafiti nilikuwa nautaka kweli, lakini swali lililokuwepo lilikuwa la mwalimu wangu. Nikamwomba anivumilie.

Swali langu nililipata mwaka wa tatu, wodi ya wanaume, Moshi. Alilazwa mzee wa Kimaasai kutoka Simanjiro, homa wiki ya tatu, dawa mseto ya malaria ameshameza mara mbili, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Mgongo ulimuuma hata kukaa hawezi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, binti." Maswali ya kwenye kitabu yalikuwa yameniishia, nikamuuliza habari za mifugo. Akasema mbuzi wake watatu walitupa mimba msimu ule, na yeye ndiye aliyewavuta vitoto kwa mikono mitupu. Na maziwa? Wanakunywa mabichi. Damu ikapelekwa maabara, majibu yakarudi brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo.

Wiki hiyo nikasoma utafiti uliofanyika hapahapa mjini mwaka 2007 na 2008, hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa wa homa 870 walilazwa; zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Niliirudia ile namba mara tatu.

Sikuahirisha masomo. Nilianza kidogo kidogo: Jumamosi naingiza madodoso kwenye kompyuta, naandika namba kwenye vichupa vya sampuli, najifunza kushika pipeti, kifaa cha kunyonya kimiminika kwa kipimo. Gumba linashuka hadi linapogota mara ya kwanza, unazamisha ncha, unaachia polepole. Ukiharakisha, hewa inaingia na kipimo chote kimeharibika. Likizo ya mwaka wa nne nikaandika andiko langu la utafiti. Hapa nasisitiza: kibali cha maadili kiombe mapema sana. Fomu yangu ya ridhaa ilirudishwa kwa sababu ya lugha. Nilikuwa nimeandika "maambukizi ya zuonosia". Mfugaji gani angeelewa? Nikaweka "magonjwa yanayotoka kwa mifugo kuja kwa watu".

Mafunzo yenyewe ya utafiti niliyaanza baada ya mwaka wa mazoezi na kusajiliwa na Baraza la Madaktari. Uzamili kwanza, na sasa nimeingia uzamivu. Nilitaka niweze kumpima mgonjwa na kumwandikia dawa mwenyewe. Rafiki yangu aliyeahirisha baada ya mwaka wa pili anasema kilichomuumiza ni kurudi na kukuta darasa lake lote limeshaondoka. Hata hivyo kwake ilikuwa sawa, kwani anapenda seli na vimelea, na hivyo viko maabara. Kama swali lako liko kwa wagonjwa, naona ni bora uingie wodini kwanza.

Juzi mama aliniuliza tena natafuta nini. Safari hii nilimsimulia habari za mbuzi wa yule mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza maziwa anayonunua kwa jirani ayachemshe kwa muda gani.

"Hadi yafure, mama."