Kusogeza Ua Moja bila Kuchora Mlango Mzima

Ami yangu ni fundi wa nakshi za milango hapa Lamu, nami ninamtengenezea programu, kwa lugha ya Java, ya kupangia michoro kwenye kompyuta kabla patasi haijagusa mbao. Siku ya kwanza kuijaribu, alilishika ua kwa kipanya ili alisogeze juu ya mfaa, ile nguzo ya katikati ya mlango, nalo likawa linamfuata kwa kuchelewa. Akaniambia, "Mwanangu, mkono wangu wangojea mashine." Maneno hayo yaliniingia sana.

Kabla ya kubadilisha chochote, nilipima muda kwa System.nanoTime, saa ya Java, mwanzoni na mwishoni mwa paintComponent, sehemu ya programu inayochora. Skrini inayojionyesha upya mara 60 kwa sekunde humpa mwandishi wa programu milisekunde 16 na ushei kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayoonyeshwa, na mchoro wangu ulizipita mbali, kwa sababu kila kipanya kilipotikisika niliita repaint() tupu, yaani amri ya kuchora upya isiyotajiwa mipaka, na kila jani na kila petali ya mlango ikachorwa upya na kulainishwa kingo.

Wapo wanaoshauri kuongeza bafa ya pili, yaani picha ya kando inayochorwa kwanza ndipo ionyeshwe, lakini Swing, maktaba ya Java ninayoitumia kuchorea, huwa nayo tayari, na isitoshe bafa huondoa kumetameta. Haipunguzi kazi ya kuchora. Nilichofanya ni kuzichora sehemu zisizosogea mara moja tu katika BufferedImage, picha inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha kuinakili picha hiyo kwenye skrini. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye baiti 4 kwa kila pikseli, huchukua takriban megabaiti 8, gharama ambayo naikubali kwa moyo mkunjufu.

Halafu nikaipa repaint mipaka: mstatili wa pale ua lilipokuwa, pamoja na wa pale lilipo sasa. Hapa nilipoteza jioni nzima, maana ua lilikuwa likiacha michirizi myembamba nyuma yake kama konokono. Nilikuwa nimehesabu umbo lenyewe tu, nikasahau kwamba nusu ya unene wa mstari hutoka nje ya umbo, na kulainisha kingo huongeza tena kidogo. Nilipoupanua mstatili kwa nusu ya unene huo na pikseli 2 zaidi, michirizi ikatoweka.

Jana ami alilizungusha ua mlango mzima bila kusema neno, kisha akataka kuikuza petali moja. Kukuza hulazimu picha yote iliyohifadhiwa ichorwe upya, na hiyo ndiyo kazi yangu ya wiki hii.