Usiku niliopanda Batu Caves

Mwaka 2019 nlikuwa nasoma Kuala Lumpur, Malaysia, mwezi wa kwanza rafiki yangu wa darasani, Mtamil, watu wenye asili ya India Kusini, akaniambia mama yake ana nadhiri ya kutimiza Batu Caves, mapango yenye hekalu la Kihindu nje kidogo ya mji, siku ya Thaipusam, sikukuu ya mungu Murugan, twende wote. Tulitoka usiku pale mjini kwenye hekalu la Sri Maha Mariamman, tukalifuata gari la madini ya fedha lililobeba sanamu ya Murugan, kama kilomita 15 hivi kwa miguu na watu ni wengi hadi huoni lami. Mama alikuwa peku. Mi viatu nilivivua katikati ya safari, nlishindwa kuendelea navyo wakati mtu mzima anatembea vile mbele yangu.

Njiani rafiki yangu ndo akanisimulia habari za Idumban, yani huyu alitumwa kubeba vilima viwili, akavining'iniza kwenye mti begani kama mzegazega, akafika Palani, kule India, akavitua apumzike, kuinua tena vikagoma, kumbe juu ya kilima kasimama kijana, ndo Murugan mwenyewe. Wakapigana, Idumban akafa, akafufuliwa, akaomba kila atakayekuja na mzigo begani namna ile abarikiwe. Ndo asili ya kavadi, mzigo wa nadhiri unaobebwa begani, na nilipowaona alfajiri wale wanaume wamebeba kavadi zao, ndoano zimeshika ngozi ya mgongo, nikawa naelewa wanabeba nini.

Mtoni karibu na pango mama akaoga, akajaza chungu maziwa, akakiweka kichwani. Ngazi ni 272. Alipanda polepole sana, watu wanaitikia "Vel! Vel!", huo ni mkuki Murugan aliopewa na mama yake Parvati akaenda kumshinda zimwi Surapadman, na kila akisimama sisi tunasimama nyuma yake, hakuna anayemharakisha. Kitinda mimba wake aliwahi kuumwa sana akapona, nadhiri ilikuwa hiyo.

Juu pango ni kubwa, paa limetoboka na mwanga unashuka mpaka chini kwenye mawe. Mi mtu wa Tanga, nimekua naambiwa Amboni watu wanapeleka shida zao mle pangoni kwenye mzimu, nikakaa kimya kabisa.

Maziwa yakamiminwa. Mama akarudi na chungu kitupu, akanishika mkono, vidole bado vinanuka maziwa, akaniuliza, mwanangu umekula?