Nilivyopima mawe ya Jangwa Jeupe la Misri kwa siki na kigae

Kila anaepiga picha Jangwa Jeupe kule Farafra anaandika kitu kilekile, upepo umechonga, basi. Mi nasoma jiolojia Kairo na hayo maelezo yalikua hayaniingii, kama ni upepo tu mbona nguzo zina shingo nyembamba chini na kichwa kikubwa juu, si ungekula sawasawa kote? Nikasema nikienda najipimia mwenyewe. Maabara sina, na eneo ni hifadhi tangu 2002 huruhusiwi kubeba mawe, kwa hiyo kila kitu kimalizike palepale kambini.

Nilibeba siki nyeupe ya dukani, lenzi ndogo, sumaku, filta za kahawa, visosi viwili na kipande cha kigae, nachotaka ni ule upande wa nyuma usiong'aa. Kutoka Kairo mpaka oasisi ya Bahariya ni kama kilomita 370 za lami, baada ya hapo mnaongozana na Wabedui wenye magari yao.

Nguzo zenyewe ni chaki, yani kalsiamu kaboneti ya maganda ya mwani wadogo mno, enzi za dinosaria hapo palikua bahari. Nikachukua unga uliodondoka chini ya nguzo nikautilia siki, ukatoa mapovu hapohapo (kama ni kipande kiponde kwanza, siki ni asidi dhaifu, itakuchelewesha). Halafu nikautilia mchanga wa pembeni. Povu kidogo likaisha, zikabaki punje zimetulia, za mviringo, kwenye lenzi uso wake umefifia kama chupa iliyosuguliwa msasa. Kwatzi hiyo, madini magumu yanayounda mchanga mwingi. Kwa hiyo mchanga unaosaga chaki haukutoka kwenye chaki, upepo umeuleta kutoka kwingine, na kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini (1 mpaka 10) kwatzi ni 7, kalsaiti, yani madini ya chaki, ni 3 tu. Punje zinasafiri kwa kudundadunda, nyingi hazipandi zaidi ya mita moja hivi, ndo maana shingo inaliwa kichwa kinapona.

Sasa kilichonisumbua ni upande wa pili. Nikazunguka nguzo kule kusikopigwa na upepo, chini pale napo jiwe linabanduka vigamba, ukigusa tu unga unabaki kidoleni. Nikaloweka vigamba kwenye maji ya chupa, nikachuja kwenye kisosi, kisosi cha pili nikaweka maji yaleyale matupu maana ya chupa nayo yana madini yake, vyote nikaanika juani. Cha maji matupu kilibaki na doa hafifu, cha vigamba kikaganda utando mweupe, nikalamba, chumvi! Usiku umande unaiyeyusha inaingia kwenye vitundu vya chaki, mchana inakauka, fuwele zinakua na kusukuma mpaka jiwe linalegea. Upepo unakuja kuzoa tu kilichokwisha kuoza.

Na vile vijiwe vyeusi vyenye miiba vilivyotapakaa juu ya weupe, wenzangu wakasema vimondo. Vimondo vingi vina chuma kinachoshikwa na sumaku, ila hivi sumaku haikuvishika, nikakikwaruza kimoja kwenye kigae ikatoka alama ya kahawia ya njanonjano, yani ni kutu. Mwanzo vilikua pairaiti, chuma na salfa, vikikutana na hewa na maji chuma kinageuka kutu na salfa inakua asidi ya salfuriki, asidi ikigusa chaki inazaa jasi, madini laini. Kwangu hii ndo kemia tamu kuliko zote pale jangwani na hakuna anaeipiga picha. Jasi utaijua, haitoi povu kwenye siki na inakwaruzika kwa ukucha.

Vijiwe nikavirudisha vilipokua. Ukienda, lenzi usiifute na kitambaa kikavu hata kama imejaa vumbi, puliza kwanza, kwatzi ni ngumu kuliko kioo.